Ekipe Kubwa Ikimtaka Kijana: Miguu na Karatasi

Katika kurasa hizi matokeo ya mechi yanapata nafasi kila mara. Safari hii tunataka kueleza jambo lingine, lile ambalo wachezaji wetu wanalizungumza sana kiisha masomo: namna gani kijana anatoka kwenye kiwanja kidogo na kufika katika ekipe kubwa, na juu ya nini wengine wenye kipaji hawafiki, ao wanafika na kuharibikiwa njiani.

Hapa Opala tuko mbali. Kutoka huku kwenye mto Lomami mpaka Kisangani ni safari ya misitu na barabara mbaya, mpaka kufika Lubunga, na hapo bado unavuka mto Kongo ndipo uingie mjini. Mtu anayetafuta wachezaji hafiki hapa kwa bahati. Kijana wa kwetu anapaswa kwanza kuonekana Kisangani, ambako kuna TS Malekesa, AS Nika na AS Makiso. Kutoka pale ndipo macho ya Kinshasa na Lubumbashi yanaweza kumwona, yaani AS Vita Club, Motema Pembe, Lupopo, Mazembe. Na nyuma ya hizo kuna Ulaya, Poto kama watu wanavyosema. Kila ngazi inatazama ile iliyo chini yake na kuchukua walio bora.

Jambo hili si la leo. Mwaka wa 1954, wakati Wabelgiji bado wanatawala, Léon Mokuna alitoka Léopoldville akaenda kucheza Ureno katika Sporting ya Lisbon. Alikuwa Mkongo wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa huko Ulaya, na baadaye akahamia Gent katika Ubelgiji. Paul Bonga Bonga aliingia Standard ya Liège mwaka wa 1957, na mwaka uliofuata ekipe hiyo ikawa bingwa wa Ubelgiji. Kisha mlango ukafungwa. Kuanzia 1966 serikali ya Mobutu iliwaita wachezaji warudi nyumbani, na kutoka tena kukawa kugumu. Ndiyo maana wachezaji wote 22 waliokwenda Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani walikuwa wa ekipe za ndani ya inchi. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, na mpaka leo hakuna mtu aliyefunga mengi kama hayo katika shindano moja. Hakuchezea ekipe ya Ulaya hata moja. Leo kijana angefunga nusu ya mabao hayo, simu ya babake haingelala.

Sasa tuangalie vijana watatu wa wakati wetu.

Wa kwanza si Mkongo, lakini alitengenezwa Kongo. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1992, na mwaka wa 2010 aliingia Simba. Mwaka wa 2011 Simba ilipangwa kucheza na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mazembe wakati ule ilikuwa na jina kubwa sana: ilichukua kombe hilo mwaka wa 2009 na 2010 mfululizo, na mwezi wa Desemba 2010 ilicheza finali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0. Simba ilishindwa. Lakini wakubwa wa Mazembe hawakuangalia matokeo tu. Walimwona kijana wa miaka 18 upande wa Simba anayewasumbua mabeki wao, na mwaka uleule wakamleta Lubumbashi.

Angalieni sasa kitu cha ajabu katika mechi zile zile. Kisha kushinda, Mazembe ilifukuzwa katika shindano mwezi wa tano 2011. Sababu haikuwa mpira. Ilimchezesha mchezaji aliyetoka Espérance ya Tunis ambaye karatasi zake hazikuwa sawa, Simba ikalalamika, na CAF ikakubali. Mabingwa wa Afrika mara mbili wakabaki nyumbani kwa sababu ya karatasi ya mtu mmoja! Kwa hiyo mechi ile moja ilimfungulia njia Samatta na kuifungia Mazembe.

Samatta alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne. Tunasema jambo hili kwa wale ambao kila siku wanasema “mimi nitaruka moja kwa moja mpaka Poto”. Yeye hakuruka. Mwaka wa 2015 Mazembe ilichukua tena Ligi ya Mabingwa, na katika finali na USM Alger alifunga huko Algiers na tena Lubumbashi. Jumla katika shindano lile alipata mabao 7. Mwezi wa Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara letu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kuingia Genk katika Ubelgiji. Alikuwa na miaka 23. Mwaka wa 2019 Genk ikawa bingwa, naye alifunga mabao 23 katika ligi. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kubwa ya Uingereza, kwenye Aston Villa, na mwezi wa tatu mwaka ule alifunga bao huko Wembley katika finali ya Kombe la Ligi, hata kama Manchester City ilishinda 2 kwa 1.

Wa pili ni Silas, mtoto wa Kinshasa, na hadithi yake inauma. Mwaka wa 2017, akiwa na miaka 18, alikwenda Ubelgiji kujaribiwa na Anderlecht. Walimpenda. Lakini viza yake ilikuwa karibu kuisha, ilikuwa lazima arudi Kinshasa kungoja karatasi mpya. Hapo wakala aliyekuwa akimwongoza akamwambia: ukirudi, hutatoka tena. Kijana akaogopa. Akakaa nyumbani kwa wakala yule huko Paris, akapewa karatasi zenye jina lingine, Wamangituka, na tarehe nyingine ya kuzaliwa iliyopunguza mwaka mmoja. Pasipoti yake na feza zake zilikuwa mikononi mwa yule mtu. Kwa jina lile alichezea Alès, akachezea Paris FC, na mwaka wa 2019 akaingia VfB Stuttgart huko Ujerumani. Msimu wa 2020-2021 alifunga mabao 11, wakamtangaza kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yote ya Ujerumani. Hebu fikiri: uwanja mzima unaita jina lako, na jina lenyewe si lako.

Mwezi wa sita 2021 alisema ukweli yeye mwenyewe, kwa msaada wa ekipe yake. Jina lake ni Silas Katompa Mvumpa, alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1998. Shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30,000. Stuttgart haikumfukuza. Wengi walisema adhabu ilikuwa ndogo, na sisi tunaona ilikuwa ya haki, maana kijana wa miaka 18 peke yake katika mji mgeni, bila pasipoti, ana nguvu gani mbele ya mtu mzima anayeshika kila kitu chake?

Wa tatu ni Chancel Mbemba, kapiteni wa Léopards. Yeye alitoka MK Etanchéité ya Kinshasa akaenda Anderlecht, na huko watu wakagundua kwamba katika karatasi mbalimbali tarehe zake za kuzaliwa hazifanani: moja ya 1988, nyingine ya 1991, na ile ya pasipoti ni 1994. FIFA ikafanya uchunguzi, magazeti yakamcheka miaka na miaka. Aliendelea: Newcastle, Porto alikochukua ubingwa wa Ureno mwaka wa 2020 na 2022, Marseille, Lille. Tarehe 13 Novemba 2025 alifunga katika dakika za mwisho bao lililoitoa Kameruni katika njia ya Kombe la Dunia. Lakini hata siku ile kulikuwa watu wa kuuliza, “kwanza huyu ana miaka mingapi?” Swali hilo litamfuata mpaka uzee.

Kwa nini umri unabadilishwa? Kila mtu anajua: ekipe kubwa inanunua miaka inayobaki. Mchezaji wa miaka 17 ana bei kuliko mwenzake wa miaka 21 anayecheza sawasawa naye. Kwa hiyo kunakuwa mtu wa kusema, “mutoto wangu, tupunguze miaka mbili tu, hakuna mutu atajua.” Siku hizi wanajua. Tangu 2009 FIFA inapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la vijana wasiopita miaka 17. Na tena mtu aliyepunguza miaka anakuwa mfungwa wa yule anayejua siri.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana wengi hawaijui. Mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kutoka inchi moja mpaka ingine. Kuna nafasi chache tu, kama wazazi wamehamia huko kwa sababu isiyo ya mpira, ao kama watu wanakaa karibu kabisa na mpaka. Kwa hiyo mtu akija kumwambia mwanafunzi wa miaka 15, “nitakupeleka ekipe ya Ulaya mwezi ujao”, anasema uongo, ao anataka kukupitisha kwa njia ya wizi. Tena, tangu 2023 FIFA inadai kila wakala awe na lisansi anayoipata kwa kufanya mtihani, na hawezi kumkaribia mtoto bila ruhusa ya maandishi ya mzazi. Muulizeni lisansi yake. Na kama anaomba familia iuze mbuzi na pikipiki kusudi “kulipia majaribio”, mjue kwamba ekipe inayomtaka mchezaji kweli inalipa yenyewe. Vijana wengi wa Afrika walifika mji mgeni kwa namna hiyo, wakakuta hakuna ekipe, na yule mtu hashiki tena simu.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa wa ekipe zetu ndogo wangefurahi kulisikia. Mchezaji akiuzwa kutoka inchi moja mpaka ingine, asilimia 5 ya bei inatengwa kwa ekipe zote zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 mpaka mwaka wa miaka 23. Hesabu ni hii. Kama bei ni euro milioni 1, fungu hilo ni euro 50,000. Ekipe iliyomlea mwaka mmoja kati ya miaka 12 na 15 inapata euro 2,500. Iliyomlea mwaka mmoja kati ya 16 na 23 inapata 5,000. Kwa ekipe ya Opala, euro 5,000 ni mipira, viatu na safari nyingi za Kisangani. Na kila mara anapouzwa tena kabla ya mkataba wake kuisha, fungu linarudi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina nyumba ya feza huko Paris inayopitisha malipo haya, kusudi ekipe ndogo isilazimike kuomba-omba.

Lakini ekipe inapaswa kuwa imeandikwa katika shirikisho, na mchezaji pia awe ameandikwa kwa jina lake, msimu kwa msimu. Kama alicheza miaka mitatu bila kadi, ao kwa kadi ya kaka yake aliyehama, hakuna hata franga moja. Na yule aliyegeuzwa jina huko mbele, ekipe yake ya nyumbani itaonyesha namna gani kwamba ni yeye? Hapo mnaelewa nani anapata faida wakati jina linapotea. (Shule yetu yenyewe haitapata kitu, maana si ekipe ya shirikisho. Mwalimu wa michezo asianze kuhesabu!)

Tatizo kubwa la huku kwetu linaanza mapema zaidi. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema kila mtoto aandikwe kwa serikali katika siku 90 kisha kuzaliwa, na bila kulipa. Lakini mama anayezalia kijijini, siku mbili za mguu kutoka biro, anaona siku 90 zinapita kama mchezo. Kisha hapo karatasi haitoki tena kwa urahisi, inadai hukumu ya korti, na korti inadai safari na feza. Basi mtoto anakua na tarehe ya mdomo: “alizaliwa wakati wa mavuno”, “alizaliwa mwaka ule maji yalipanda”. Anaingia shule, mwalimu anaandika tarehe moja. Anaingia ekipe, mtu mwingine anaandika nyingine. Hakuna aliyetaka kudanganya, lakini siku moja karatasi hizo mbili zitawekwa juu ya meza moja.

Wachezaji wetu waende kwanza biro ya shule, waulize tarehe gani imeandikwa karibu na jina lao katika buku la wanafunzi, na waifananishe na ile ya kadi ya ekipe. Kama hazifanani, wawaambie wazazi sasa, kabla ya likizo kubwa, maana anayekwenda Kisangani kwa kazi zake anaweza kuuliza kortini palepale ni nini kinachohitajiwa.