Wasichana wa Kapkatet na Sauti ya Santuri

Ipo lawama moja ambayo walimu wa muziki wa nchi hii wamekuwa wakipokezana kama kijiti: kwamba vijana wetu wakishika gitaa hawana lao, kazi yao ni kuiga tu. Nenda Kericho au Bomet mwisho wa wiki, wanasema, ukazisikilize bendi za mahotelini. Utamsikia Jim Reeves, utamsikia Kenny Rogers na Dolly Parton, utasikia roki ya Uingereza na Marekani ikipigwa noti kwa noti, na mtoto wa mchuma chai aking'ang'ana kuimba kwa lafudhi ya Tennessee, nchi ambayo hajaikanyaga. Kasuku hao, wanasema. Nimepata kufanya kazi na mwalimu mmoja aliyelivunja papo hapo kundi la wavulana wanne, katika shule iliyozungukwa na mashamba ya chai, kwa kosa la kutumbuiza wimbo wa wazungu siku ya wazazi. Gitaa lenyewe likafungiwa stoo.

Sina nia ya kuwatetea kasuku. Mwenye kuiga maisha yake yote bila kutia hata chumvi yake ndani ya chungu anastahili kuambiwa. Ila lawama hii imelisahau jambo lililotukia katika nchi hiyo hiyo ya chai kabla wengi wetu hatujazaliwa, jambo ambalo lau lingefundishwa madarasani, tungelitumia neno "kuiga" kwa uangalifu zaidi.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, kituo kilichoko kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Huyu bwana alikuwa ameishi kusini mwa Afrika tangu ujana wake, na alikuwa na shauku moja iliyomtawala: kunasa muziki wa Waafrika kabla haujapotea. Alizunguka na mitambo yake mizito katika nchi nyingi za bara hili, akikishika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe na kukisogeza kwa mwimbaji huyu na huyu. Hapo Kapkatet Wakipsigis walimwimbia nyimbo za aina aina, na miongoni mwake zikawamo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu iliongozwa na msichana, Chemutoi Ketienya, wenzake wakimwitikia, na chepkong, kile kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis, kikijibizana nao chini kwa chini.

Chemirocha ni nani? Hapa ndipo kisa kinapokolea. Jina hilo si la shujaa wa kale wala si la mzimu wa ukoo. Ni Jimmie Rodgers.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897, na nyumbani kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani. Alifanya kazi ya breki kwenye magarimoshi, na huko relini, kama isimuliwavyo, ndiko alikojifunza nyimbo za vibarua weusi pamoja na upigaji wao wa vinanda vya nyuzi. Kifua kikuu kilipomwondoa kazini aligeukia muziki. Alirekodi kwa mara ya kwanza huko Bristol, Tennessee, mwezi wa Agosti 1927. Alama yake ilikuwa ule mlio wa kuirusha sauti kutoka kifuani hadi kichwani na kuirudisha, mithili ya mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, wakati ambapo watu wa rangi hizo mbili hawakukaa meza moja katika sehemu kubwa ya nchi yao. Akafa New York mwezi wa Mei 1933, siku chache tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho huku akijilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo ili apate pumzi. Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri. Na mwaka 1986, jumba la kuwaenzi wanamuziki wa roki lilipowaingiza watu wake wa kwanza, naye alikuwamo, katika daraja la waliotangulia wakaitayarishia roki njia.

Afrika hakuja kamwe. Sauti yake ndiyo iliyokuja, ndani ya sahani nyeusi za santuri. Wengi husimulia kwamba wamisionari ndio walioileta Ukipsigis. Yamkini. Lakini tukumbuke kwamba walikuwako pia walowezi na wakuu wa mashamba ya chai yaliyofunguliwa katika miaka ya 1920, walikuwako Wahindi wenye maduka, na walikuwako wanajeshi wetu wa King's African Rifles waliorudi kutoka Burma baada ya Vita Vikuu vya Pili na vitu ambavyo wazee wao hawakuwa wameviona. Sioni haja ya kuuchagua mlango mmoja. Nyumba ilikuwa na milango mingi.

Basi sauti ikaingia, na jina likaingia nayo. Mwalimu wa lugha na alitazame jina hilo kwa makini. Ile j ya Kiingereza imekuwa ch, na Jimmie akawa Chemi. Rodgers naye akapunguzwa hapa na kunyoshwa pale hata akawa rocha. Maneno mawili ya mgeni yakashonwa kuwa jina moja, na jina lenyewe sasa linaanza kwa sauti ile ile tunayoisikia kwa Chebet, Chemutai na Cheruiyot. Marehemu wa Mississippi akawa jirani.

Tracey aliandika kwamba Chemirocha wa wasichana hawa alikuwa kiumbe nusu mtu nusu swara, mwimbaji na mchezaji wa ajabu, na kwamba walikuwa wakimbembeleza aje acheze nao kwa kasi isiyojali nguo. Maelezo hayo yamezunguka dunia. Aghalabu husimuliwa kwa tabasamu la huruma: tazameni wanakijiji walioisikia santuri wakadhani wamemsikia mungu! Mimi usimulizi huo huniudhi, maana humfanya mtunzi aonekane mshamba na humnyima mtu haki yake ya kufanya mzaha.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za jikoni za Wakalenjin atalikumbuka chemosit. Katika kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu wa damu wa Wakipsigis, kilichochapishwa mwaka 1909, A. C. Hollis alilieleza dubwana hilo: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, kinywa chekundu kinachowaka usiku kama taa. Nalo huwinda kwa wimbo. Huimba gizani karibu na maboma, watoto huona mwanga na kusikia sauti, hudhani kuna ngoma, hutoka nje, na hawarudi. Sasa mpe msichana wa miaka 15, aliyekua na hadithi hiyo, kisanduku kinachotoa sauti ya mtu asiyeonekana, mtu anayeruka kutoka sauti ya binadamu hadi mlio ambao si wa binadamu hasa. Atamweka wapi mtu huyo? Kwa maoni yangu Chemutoi na wenzake walijua vema wanachofanya. Walilichukua umbo la zamani, dubwana liimbalo, wakalivua kucha, wakampa mgeni miguu ya swara badala ya bawa la ndege, na badala ya kumkimbia wakamwalika ngomani. Huo ni utunzi, na ni utunzi wenye kicheko ndani yake. Hata jina lenyewe, wazee wa huko wamepata kueleza, lilikuja kutumiwa kwa jambo lolote jipya na geni.

Na sikiliza wanavyoimba. Hakuna gitaa. Hakuna aliyejaribu kuutoa ule mlio wa Rodgers. Chepkong inakwenda mwendo wake wa siku zote, kiongozi anatoa, wenzake wanapokea, kama walivyofanya mama zao. Kitu pekee cha Rodgers kilichobaki ni jina na mshangao. Mtu aliyejifunza kutoka kwa wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa pingu alirudishwa na sahani ya santuri hadi Afrika, na Afrika ikamsikia kwa masikio yake yenyewe.

Sauti hizo baadaye ziliingia katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954, na ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Zilitolewa kwa sahani, zikasikilizwa Ulaya na Marekani. Kapkatet haikuzisikia. Zilirudi mwaka 2014, miaka 64 baadaye, kwa juhudi za maktaba hiyo, aliyoiongoza Diane Thram, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi. Mzee mmoja aliyeimba mbele ya kipaza sauti cha Tracey alipatikana angali hai, akaisikia sauti yake ya ujana. Lipime jambo hilo, mwanafunzi: mtu anaimba akiwa kijana, mashine inaondoka na sauti yake, naye anakutana nayo tena akiwa mkongwe.

Katika miaka hiyo yote muziki wa nchi ya chai haukulala ukingoja kurudishiwa mali yake. Mashamba yaliwakusanya Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakipsigis kwenye kambi zile zile, na kila mmoja alikuja na nyuzi zake: nyatiti, litungu, obokano, chepkong. Mjini Kericho familia ya Chandarana ilifungua duka la muziki lililokuja kuwa kampuni ya kurekodi, na ikatoa sahani za benga katika lugha za makabila hayo. Raphael Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et wakaimba kwa Kipsigis juu ya magitaa ya umeme hata jina lake likavuka mipaka ya Bonde la Ufa. Gitaa nalo ni la mgeni, kama santuri. Sijamsikia mwalimu akimwita Kipchamba kasuku.

Ndiyo maana nawaomba waamuzi wa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na ambalo bado ndilo darasa kubwa la muziki tulilo nalo, wawaulize vijana swali tofauti. Badala ya "wimbo huu umeutoa wapi?", waulize "umeufanya nini?" Wavulana wanne niliowataja walikuwa wameuingiza mkong'osio wa kinyumbani katikati ya ule wimbo wa roki, ubeti mzima, wakiitikiana kwa Kipsigis. Wazazi walicheka kwa furaha. Mwalimu hakuufikia ubeti huo, kwani alikuwa amekwisha kusimama.

Jambo moja katika kisa hiki bado halijakamilika, nalo ni dogo sana kwa karatasi na kubwa kwa haki. Kwenye lebo ya wimbo ule wa tatu pameandikwa jina la Chemutoi Ketienya, kisha maneno "wasichana wa Kipsigis". Basi. Bendi maarufu kuliko zote zilizowahi kutoka katika nchi ya chai imeandikwa mwanachama mmoja tu, wengine wakatiwa kapuni pamoja kama majani. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile ameshapita 85. Mwanafunzi wa Kapkatet, wa Litein au wa Sotik aliye na gogo wa umri huo, kama wanavyomwita nyanya huko, na achukue daftari likizo ijayo, ampigie wimbo huo kwa simu, kisha amwulize nani alisimama kando ya Chemutoi.