Nani Amfundishaye Mkufunzi?

Tangu mwaka 1960, Laerdal wa Norway walipotoa mwanasesere Resusci Anne, wengi wamejifunzia kwake kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Lakini mkufunzi mwenyewe hufundishwaje? Siku hizi aweza kuvishwa miwani ya kompyuta, akajiona mbele ya darasa la wanafunzi wa kubuni. Mmoja akandamiza kifua sentimita 3 badala ya 5 hadi 6. Mwingine apita mara 120 kwa dakika. Ni juu yake kuliona kosa na kulisahihisha bila kumfedhehesha mkosaji. Akishindwa, hakuna majeruhi, zoezi larudiwa. Sisi wa makadeti twakumbuka sajini aliyejua kufoka tu! Hata hivyo, miwani haihisi mbavu chini ya viganja. Mwanasesere asitupwe stoo.