Mfumuko wa Bei na Sentensi Zinazoupotosha

Katika makala haya twakusudia kulitazama neno ambalo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hulitumia karibu kila siku, yaani mfumuko wa bei. Neno lenyewe halina kasoro. Kasoro imo katika sentensi zinazoambatana nalo.

Mshono ukifumuka huachia uzi baada ya uzi. Basi mfumuko ni mwendo, wala si kimo. Hupimwa kwa asilimia: bei za bidhaa na huduma zimeongezeka kwa kiasi gani katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka 2023 wastani wa mfumuko wa bei nchini Tanzania ulikuwa asilimia 3.8, na mwaka 2024 asilimia 3.1. Mfasiri anayeandika hapo kwamba "bei zimeshuka" asema uongo pasipo kukusudia, maana kapu la shilingi 100,000 la mwaka 2023 lilihitaji takriban shilingi 103,100 mwaka uliofuata. Kilichopungua ni kasi.

Na tuipeleke sentensi hiyo Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Mkulima wa pamba wa huko hupata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno, kisha hana budi kuamua: azifungie sandukuni, azipeleke benki, au anunue ng'ombe. Akiambiwa bei zimeshuka, ataona hana haraka. Atangoja mabati na dawa ya pamba viwe rahisi zaidi, na huku fedha zake zaliwa taratibu. Wala tusimshangae mzee anayeikumbuka miaka ya 1980, ambapo mfumuko ulifika kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, akiliamini zizi kuliko noti. Ng'ombe hufa kwa ukame, ni kweli, lakini pia huzaa.

Hapa lahitajika neno la pili: riba halisi. Mtu akiweka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 3, na mfumuko ukawa asilimia 5, mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 1,030,000, lakini vitu vilivyouzwa kwa milioni moja vitataka shilingi 1,050,000. Riba halisi basi ni hasi, neno ambalo walimu wa hesabu wanalo tangu zamani.

Riba ya Benki Kuu ni jambo jingine kabisa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera yake kwa ujazi wa fedha, ikaanza kutumia riba hiyo: kwanza asilimia 5.5, kisha 6 mwezi Aprili mwaka huo, na 5.75 Julai 2025. Riba hiyo huongoza mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki. Tangazo likifupishwa kuwa "riba imekuwa asilimia 5.75", mkulima atakwenda dirishani akiidai, na huko atakuta riba iliyo juu zaidi.

Twapendekeza iandikwe: "mfumuko umepungua, bei zapanda polepole zaidi." Ni ndefu, lakini yaeleweka. "Kushuka kwa bei" kubaki kwa hali ambayo kitu kile kile chanunuliwa kwa fedha pungufu, jambo la kawaida kwa mahindi wakati wa mavuno, na nadra sana kwa bidhaa zote pamoja.