Injini Zikizimika Angani: Je, Ndege Huanguka Kama Jiwe?

Miongoni mwa dhana potofu zilizoota mizizi kuhusu usafiri wa anga, ni chache zilizoenea kama hii: kwamba ndege hushikiliwa angani na injini zake, na kwamba injini zikizimika chombo hakina budi kuporomoka kama jiwe. Dhana hii husikika kwa wasomi na wasio wasomi sawasawa. Katika makala haya tutaichunguza, tutaeleza ni kitu gani hasa kinachoibeba ndege, kisha tutaona jinsi kutojua mambo machache kuhusu ndege kulivyowahi kugharimu maisha ya watu karibu na pwani yetu wenyewe.

Ndege mbili za aina moja

Tuanze na matukio mawili ya kweli. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege aina ya Airbus A330 ya shirika la Air Transat la Kanada ilikuwa ikivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Toronto kwenda Lisbon, ikiwa na watu 306. Katika injini ya kulia, bomba la mafuta lilikuwa likisuguana na bomba jingine hata likapasuka. Mafuta yalivuja mpaka yakaisha, na injini zote mbili zikazimika, moja baada ya nyingine. Tangu ilipozimika injini ya pili, ndege hiyo ilikwenda kwa muda wa dakika 19 hivi bila ya injini yoyote, ikapita masafa ya kilomita 120 hivi, ikatua katika kiwanja cha Lajes kwenye visiwa vya Azores. Hakufa mtu hata mmoja.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo ya Airbus A330, mali ya shirika la Air France, ilikuwa juu ya bahari hiyo hiyo ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Mirija inayopima mwendo wa ndege iliziba kwa barafu, na mtambo unaoiongoza ndege wenyewe ukajiondoa kazini. Rubani aliyeshika usukani akaendelea kuiinua pua ya ndege. Ndege ilipanda kidogo hadi kimo cha mita 11,500 hivi, kisha ikaanza kuanguka, na kwa muda usiotimia dakika nne ikawa imepiga maji. Watu wote 228 walifariki. Injini zake zote mbili zilikuwa nzima, nazo zilinguruma mpaka mwisho.

Basi, ndege isiyo na injini hata moja ilifika salama, na ile yenye injini mbili nzima ikaanguka. Iwapo injini ndiyo inayoibeba ndege, matukio haya mawili hayaelezeki. Hatuna budi kutafuta jibu mahali pengine.

Kazi ya bawa

Ndege iliyo angani hukabiliwa na kani nne. Ya kwanza ni uzito wake, unaoivuta chini. Ya pili ni kani ya kuinua, itokayo kwenye mabawa. Ya tatu ni ukinzani wa hewa, unaoizuia kwenda mbele. Ya nne ni msukumo wa injini, unaoushinda ukinzani huo. Msomaji atambue kwamba injini haimo kabisa katika shughuli ya kuinua. Kazi yake ni kuipa ndege mwendo. Ni bawa, likikata hewa kwa mwendo wa kutosha, ndilo linalobeba.

Bawa hubebaje? Hapa pana kosa jingine, na hili limeingia hata katika vitabu vya shule. Husemwa kwamba mgongo wa bawa umebinuka, kwa hiyo hewa ipitayo juu ina safari ndefu kuliko ile ipitayo chini; na kwa kuwa lazima hewa hizo mbili zikutane nyuma ya bawa kwa wakati mmoja, ile ya juu hukaza mwendo, mgandamizo wake ukapungua, na bawa likavutwa juu. Kasoro imo katika neno “lazima”. Hakuna kanuni ya fizikia inayoilazimisha hewa iliyotengana ikutane tena. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba hazikutani: hewa ya juu hufika nyuma ya bawa mapema kuliko ile ya chini. Ni kweli kwamba huenda mbio zaidi na kwamba mgandamizo wake ni mdogo, lakini sababu iliyotolewa siyo. Aidha, ndege ya karatasi anayoikunja mtoto ina mabawa bapa juu na chini, na bado huelea; na ndege za maonyesho huruka chali, mgongo wa bawa ukiwa chini.

Maelezo yaliyo sahihi ni haya. Bawa huelekezwa ili ukingo wake wa mbele uwe juu kidogo kuliko wa nyuma. Hewa inayolipita, juu na chini, hupindishwa ikaelekea chini. Isaac Newton alikwisha kueleza mwaka 1687 kwamba kila kani huwa na kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoielekea kinyume. Bawa likiisukuma hewa chini, hewa nayo hulisukuma bawa juu. Tofauti ya mgandamizo kati ya upande wa juu na wa chini wa bawa ndiyo njia ambayo msukumo huo hulifikia bawa.

Kimo ni akiba

Mwewe akiwa juu ya mashamba huweza kwenda masafa marefu bila ya kupiga bawa hata mara moja. Asipopata hewa ya joto inayopanda, hushuka polepole huku akisonga mbele. Kushuka huko ndiko kunakompa mwendo, kama vile mpanda baiskeli ateremkaye kilima asivyohitaji kukanyaga pedali. Ndege iliyozimikiwa na injini hufanya vivyo hivyo. Kimo chake ni akiba iliyokwisha kulipiwa kwa mafuta wakati wa kupanda, na sasa rubani huitumia kidogo kidogo kununua mwendo.

Akiba hii huweza kupigiwa hesabu. Ndege kubwa za abiria za siku hizi, bila ya injini, huweza kwenda mbele kilomita 15 hivi kwa kila kilomita moja ya kushuka. Tuseme ndege ipo juu ya Dar es Salaam kwa kimo cha mita 10,000, yaani kilomita 10. Kwa kimo hicho ina uwezo wa kwenda kilomita 150 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Unguja ni kilomita 70 hivi. Ndege hiyo ingefika Unguja ikiwa bado imebakiza nusu ya kimo chake, na rubani angekuwa na nafasi ya kuzunguka na kujipanga kabla ya kutua.

Hata hivyo, haifai kulivuka jambo moja kwenda kosa la pili. Kuzimika kwa injini si jambo dogo, na hatari yake ni kubwa zaidi ndege inapokuwa chini, kwa maana hapo akiba ni haba. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya shirika la US Airways iliyokuwa imetoka tu kuruka mjini New York iligonga kundi la ndege-mwitu ikiwa kwenye kimo cha mita 850 hivi, na injini zake mbili zikapoteza nguvu. Rubani alikuwa na dakika tatu na nusu tu. Kwa kuwa hakuna kiwanja ambacho angekifikia, aliiteremsha ndege juu ya mto Hudson, mabawa yakiwa sawa na maji. Watu wote 155 waliokoka.

Mtego wa kuinua pua

Sasa tunaweza kuielewa ajali ya mwaka 2009 juu ya Atlantiki. Bawa likiinuliwa zaidi dhidi ya hewa inayolijia, huzidi kubeba, lakini kwa kiasi tu. Ikipita pembe fulani, ambayo kwa mabawa mengi ni nyuzi 15 hivi, hewa ya juu hushindwa kuufuata mgongo wa bawa. Hutengana nao na kuvurugika, na kani ya kuinua hupungua ghafula. Dawa yake ni kuishusha pua ili hewa ilishike bawa tena, ijapokuwa kufanya hivyo ni kupoteza kimo. Mtu anayeogopa kuanguka hutamani kuinua pua, na kadiri anavyoinua ndivyo anavyozidi kuanguka. Marubani wa Air Transat waliziacha pua na kasi mahali pake, wakakubali kushuka, nao wakafika.

Tangi halijazwi kila safari

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba ndege huruka na matangi yaliyojaa. Ukweli ni kwamba mafuta ni mzigo, na mzigo huo nao huhitaji mafuta ili ubebwe. Kwa hiyo hupakiwa kiasi cha kufika, pamoja na cha kwendea kiwanja kingine iwapo kile kilichokusudiwa kimefungwa, na akiba kidogo ya kuzunguka angani.

Kutoijua kanuni hii kulileta msiba karibu nasi. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikiwa na watu 175. Vijana watatu waliiteka nyara, wakamwamuru rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta yaliyokuwemo hayatoshi safari hiyo. Hawakusadiki, kwa sababu katika jarida la shirika hilo walikuwa wamesoma kwamba ndege ya aina ile huweza kukaa angani saa 11. Lililosemwa na jarida ni kweli kwa matangi yaliyojaa, lakini mafuta ya siku ile yalipimwa kwa safari ya Nairobi. Kapteni aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akaelekea visiwa vya Komoro. Huko mafuta yakaisha.

Ndege haikuanguka kama jiwe. Ilielea bila ya injini, huku watekaji wakiendelea kumsumbua rubani, mpaka ikafika baharini karibu na ufuko wa kisiwa cha Ngazidja. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, na ndege ikavunjika. Wenyeji wa kisiwa na watalii waliokuwa ufukoni waliingia majini kuwaokoa walioweza kuokolewa. Kati ya watu 175, walifariki 125.

Jaketi la kujiokolea

Si wote waliofariki waliuawa na kishindo. Baadhi yao walikuwa wamelivaa jaketi la kujiokolea na kulijaza hewa wakiwa bado ndani ya ndege. Kwa fikira za haraka, kufanya hivyo ni busara, kwani ni nani asiyetaka kuwa tayari mapema? Lakini jaketi lililojaa hewa hufanya kazi moja tu, nayo ni kumpandisha mtu juu. Maji yanapoingia ndani ya ndege, mwenye jaketi hilo husukumwa mpaka kwenye dari na kubanwa hapo. Mlango u chini yake, naye hawezi kupiga mbizi kuufikia.

Kwa sababu hiyo, wahudumu wa ndege husema katika kila safari kwamba jaketi livaliwe ndani, lakini lijazwe hewa wakati wa kutoka mlangoni. Maneno hayo husemwa huku abiria wengi wakiongea au wakitazama simu zao, na mara nyingi hayaambatani na sababu yoyote. Agizo lisilo na sababu husahaulika upesi, hasa wakati wa hofu. Anayejua kwamba hewa ya jaketi itamsukuma darini hahitaji kulikariri agizo hilo, kwa maana sababu yenyewe itamkumbusha.

Basi msomaji atakayepanda ndege azingatie mambo matatu. Kwanza, ukimya wa injini si mwisho wa safari, maadamu pana kimo na mabawa yanakata hewa. Pili, ahesabu safu za viti zilizoko kati yake na mlango ulio karibu, ili aweze kuufikia hata gizani au katika moshi. Tatu, asilijaze jaketi lake hewa mpaka afike kwenye mlango huo.