Imani na moyo konde

Usiku, kutoka Ibanda, naona taa za wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Mawimbi yakichafuka, wanahitaji imani na ujasiri. Kiswahili kinavieleza vipi?

Imani imetoka Kiarabu, katika mzizi m-moja na amani, amini na amana: mwenye imani hujiweka mikononi mwa anayemwamini. Ujasiri una nahau yake, kupiga moyo konde. Konde ni ngumi, na anayepigwa ni moyo wenyewe. Hofu ipo, ila inatiishwa.

Basi imani haimwondolei nahodha kazi. Tarehe 3 Oktoba 2024 Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Goma ikiwa imejaa kupita kiasi. Moyo hupigwa konde bandarini pia: kwa kukataa abiria wa ziada.