Kitabu cha Jamaa

Mwezi wa Januari 2002, moto wa mlima Nyiragongo uliposhuka katika mji wa Goma, jamaa nyingi zilikimbia mikono mitupu. Nyumba zilijengwa tena. Picha za wazee waliokwisha kufariki hazikurudi.

Basi, wazazi wapendwa, twawashauri mfanye kitabu cha jamaa. Daftari moja la shule lenye jalada gumu latosha. Msibandike picha kwa uji wa muhogo, maana mende huupenda mno. Kateni kwa wembe mianya minne midogo katika ukurasa, kisha chomekeni humo pembe za picha.

Lililo kubwa ni maandiko. Chini ya kila picha andikeni jina la kila mtu, kijiji chake na mwaka; pasipo jina, wajukuu watamtazama babu yao kama mgeni. Je, nyanya yenu angali hai? Keteni naye juma hili, mmwulize alibatizwa wapi, na msimamizi wake alikuwa nani. Picha zilizo katika simu, chagueni chache zichapwe, kwani simu huibiwa. Nao wasio na picha hata moja waandike majina tu, wala wasione haya.

Kitabu kikae ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo, karibu na mlango.