Nyota wa runinga anapokosa kazini, anayeugua ni nani?

JIONI ikifika mjini Kapsokwony, baridi ya Mlima Elgon huwasukuma watu mikahawani, na huko, juu ya vikombe vya chai, runinga huwa imewashwa. Asubuhi yake matatu zinazoteremka kwenda Kimilili, Chwele na Bungoma, au zile za kuelekea Kitale, huwa na redio iliyofunguliwa kwa sauti ya juu. Watangazaji na waigizaji hujulikana kwa majina kana kwamba ni majirani. Mzaha wao wa asubuhi hurudiwa sokoni hadi jioni.

Kwa sababu hiyo, habari zinapotokea kwamba mmoja wa nyota hao amemdhulumu mfanyakazi mwenzake, wengi wetu huwa upande wake hata kabla ya kusikia mashtaka. "Anaonewa wivu huyo," husemwa. "Msichana anatafuta jina tu." Je, mtu anayependwa na mamilioni aadhibiwe kama mfanyakazi mwingine yeyote?

Swali hili huachiwa mawakili na kurasa za burudani. Lakini ni swali la afya pia, kwa sababu mkubwa asiyeguswa anapofanya atakavyo kazini, kuna watu wanaougua. Mara nyingi watu hao hata hawajui ni nini kinachowaumiza.

Kinachotokea mwilini

Mwili wa binadamu umeumbwa kukabiliana na hatari ya ghafla. Ukikutana na nyoka shambani, moyo hupiga mbio, damu hukimbilia misulini, na kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli humwagika mwilini ili uweze kukimbia au kupigana. Nyoka akiondoka, mwili hutulia.

Sasa mfikirie kijana anayejua kwamba kila siku saa mbili asubuhi atakutana na mkubwa anayemtukana mbele ya wenzake, au anayemshika bila ridhaa yake. "Nyoka" huyo haondoki. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari mchana kutwa, na usiku usingizi hukataa kuja. Baada ya muda huja maumivu ya kichwa na ya mgongo, tumbo kuvurugika, hasira za ghafla nyumbani, uchovu usioisha na huzuni inayomfanya mtu asitake kula wala kuzungumza.

Watu wengi wenye dalili hizi huenda kupimwa malaria na homa ya matumbo. Hakuna kinachoonekana. Hurudi nyumbani na pakiti ya dawa za maumivu, nazo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo. Ugonjwa mmoja unazaa mwingine, na chanzo bado kipo pale kazini.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanawake 304 wa kati ya miaka 40 na 60, wasiovuta sigara. Wapatao 19 katika kila 100 walikuwa wamewahi kudhulumiwa kimapenzi kazini. Wanawake hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na shinikizo la juu la damu na usingizi mbaya kuliko wale ambao hawakuwahi kudhulumiwa. Shinikizo la damu, kama ijulikanavyo, ni njia ya kuelekea kiharusi, ugonjwa wa moyo na kuharibika kwa figo.

Wakazi wa Mlima Elgon hawahitaji kufundishwa kwamba kuna majeraha yasiyo na kovu. Vita vya kati ya 2006 na 2008 viliwaachia wengi hofu na kukosa usingizi hata baada ya bunduki kunyamaza. Vita si sawa na dhuluma za ofisini, lakini mwili una njia moja tu ya kuogopa.

Uingereza: mmoja aliachwa, mwingine aliguswa

Shirika la utangazaji la BBC limeonja pande zote mbili za jambo hili. Jimmy Savile alikuwa nyota wake wa redio na runinga kwa miongo kadhaa. Alifariki 2011 akiwa na heshima zake zote. Mwaka uliofuata maovu yake yakafichuka. Ripoti ya Jaji Janet Smith, iliyotolewa Februari 2016, ilitambua watu 72 waliodhulumiwa na Savile kuhusiana na kazi yake katika shirika hilo, wengine wakiwa watoto. Ripoti hiyo ilieleza kwamba wafanyakazi wa chini waliogopa kulalamika kwa kuwa nyota walionekana kuwa watu wasioguswa. Savile hakuwahi kujibu lolote mahakamani, na waliodhulumiwa walibeba mzigo huo kwa miaka mingi.

Kisa cha pili kilikwenda tofauti. Machi 4, 2015, Jeremy Clarkson, mtangazaji wa kipindi cha magari cha Top Gear, alifika hotelini huko Yorkshire jioni baada ya kazi. Alipoambiwa kwamba hakuna chakula cha moto, alimtukana na kumpiga mtayarishaji wa kipindi, Oisin Tymon, ambaye alikwenda mwenyewe hospitalini kutibiwa. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka Clarkson asiondolewe. Tymon, ambaye ndiye aliyepigwa, alitukanwa na kutishwa na mashabiki.

BBC ilifanya uchunguzi, ikasikiliza pande zote, na Machi 25 mwaka huo mkurugenzi wake mkuu, Tony Hall, akatangaza kwamba mkataba wa Clarkson hautaongezwa. Hoja yake ilikuwa kwamba haiwezekani kuwa na kanuni moja kwa wakubwa na nyingine kwa wadogo. Kipindi hicho kilikuwa kikiliingizia shirika fedha nyingi kutoka nchi nyingi za dunia. Hata hivyo nyota aliondoka. Mwaka 2016 alimwomba radhi Tymon, na suala la fidia likamalizwa kwa maelewano. Mwaka huo huo Clarkson alianza kipindi kingine na kampuni ya Amazon.

Mwisho huo unafaa kuangaliwa vizuri. Wanaowatetea nyota husema kuwaadhibu ni kuwaharibia maisha. Clarkson aliadhibiwa na bado anakula mkate wake. Kuadhibiwa si kuzikwa hai.

Hapa Kenya

Kisa kilichovuma zaidi kwetu kilitokea redioni. Machi 2021, watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio, akiwemo Shaffie Weru, walizungumzia hewani kisa cha mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya juu jijini Nairobi na mwanamume. Maneno yao yalionekana kumlaumu mwanamke huyo kwa yaliyompata. Umma ulikasirika. Watangazaji hao walisimamishwa kazi, kampuni ya bia ya EABL ikatangaza kuondoa matangazo yake, na baada ya muda mfupi wote watatu wakapigwa kalamu. Mamlaka ya Mawasiliano ilikitoza kituo hicho faini ya Sh1 milioni na kusimamisha kipindi chenyewe kwa miezi sita.

Wengi walipongeza. Mhasiriwa aliyekuwa akiuguza mifupa yake hakustahili kugeuzwa mzaha. Lakini Shaffie Weru baadaye alienda mahakamani kulalamika kuhusu jinsi alivyoachishwa kazi, na hapo pana funzo. Umaarufu una hatari mbili. Unaweza kumkinga mkosaji kwa miaka 20, na unaweza pia kumfanya atupwe nje kwa siku mbili kwa kuwa mwenye matangazo amekasirika. Katika hali zote mbili, kinachoamua ni pesa na kelele. Mfanyakazi wa chini hana pesa wala kelele. Akidhulumiwa na mkubwa ambaye hajulikani nje ya ofisi, hakuna kampuni ya bia itakayomtetea.

Kwa hivyo jibu la swali letu ni ndiyo, nyota aadhibiwe, tena kwa utaratibu ule ule ambao angefuatiwa mfagiaji wa studio, usiopungua wala kuzidi.

Sheria yasemaje

Utaratibu huo tunao tayari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuandika sera kuhusu dhuluma za kimapenzi kazini. Sera hiyo ieleze jinsi ya kulalamika na adhabu itakayotolewa, na jina la mlalamishi lisitangazwe isipokuwa pale uchunguzi unapohitaji. Kifungu cha 41 kinamlinda mshtakiwa: kabla ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo, na asikilizwe. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006, kifungu cha 23, inamtishia mwenye mamlaka anayemdhulumu mtu kimapenzi kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili.

Shida ni kwamba watu hawasemi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya Desemba 2022, iliyotokana na mahojiano na wafanyakazi karibu 75,000 katika nchi 121, ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wenye kazi amewahi kutendewa ukatili au unyanyasaji kazini. Ni nusu tu, na kidogo zaidi, waliowahi kumweleza mtu yeyote. Sababu zilizotajwa sana ni kwamba kusema ni kupoteza wakati, na hofu ya kuchafuliwa jina.

Wahenga walituambia kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Huenda hiyo ikawa busara ya siku moja. Kwa miaka mitano, ni njia ya kuelekea kliniki ya shinikizo la damu. Wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Kila mji una nyota wake

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Nairobi na London peke yake. Kila mahali pa kazi pana mtu ambaye husemwa kwamba "huyu hawezi kuguswa". Huenda ni meneja anayejua kupata wateja, mwalimu ambaye wanafunzi wake hupita mtihani kila mwaka, au daktari ambaye wagonjwa humfuata kutoka mbali. Vijana kutoka Kapsokwony, Cheptais na Kaptama hufanya uanagenzi katika ofisi, shule na vituo vya redio vya Bungoma, Kitale na Eldoret. Wengi hawana mshahara, wanategemea barua ya mkubwa ili wamalize masomo, na wanaishi mbali na wazazi. Hao ndio rahisi zaidi kudhulumiwa na wagumu zaidi kusema.

Mzazi, kijana wako akirudi nyumbani amekonda na hataki kurudi kazini, usikimbilie kumwita mvivu. Muulize kwa upole ni nani anayemtia hofu huko.

Ukipatwa na haya

Andika tarehe, saa, mahali na majina ya walioona. Usifute ujumbe wa simu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha uulize sera ya kampuni na upeleke malalamiko kwa maandishi, ukibaki na nakala.

Iwapo umenajisiwa, usioge wala kufua nguo kabla ya kuonana na daktari. Nguo ziweke katika mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki. Nenda hospitali upesi, iwe ile ya kaunti ndogo iliyoko Kapsokwony, au za rufaa za Bungoma na Kitale. Dawa za kuzuia virusi vya HIV lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na ikimezwa mapema hufanya kazi vizuri zaidi. Fomu ya P3 ya polisi haina malipo. Simu ya 1195 hupigwa bila malipo usiku na mchana, na anayeipokea atakuelekeza.

Iwapo dalili zako ni za kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na huzuni isiyoisha, mweleze daktari au muuguzi pia yale yanayokupata kazini. Bila kuelezwa atatibu kichwa na tumbo, na chanzo kitakungoja ofisini Jumatatu.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Tunaweza kuendelea kucheka na mtangazaji tumpendaye na wakati huo huo tukataka mlalamishi asikilizwe. Kila tusi tunalomtupia anayelalamika husikika na wengine kumi walionyamaza kama yeye, na huwazidishia sababu za kunyamaza.